Mahali Anapoketi Dereva
Mhadhara kwa mafundi, madereva na wakaazi wa Jericho, Nairobi

 

Mada yangu ni lori, na hasa uso wake. Simama kando ya Jogoo Road asubuhi yoyote utazame yanayopita. Isuzu FRR limesheheni kreti za soda. Canter linawahisha mboga sokoni. Fuso la mchanga linavuta pumzi kwenye mwinuko. Actros linakata kuelekea Industrial Area na kontena mgongoni. Yanazidiana kwa ukubwa, lakini uso wao ni mmoja: umesimama wima, hauna boneti, na dereva ameketi juu ya injini, miguu yake karibu kabisa na bampa. Sasa kumbuka filamu za Kimarekani. Lori la huko lina pua ndefu. Injini iko mbele, dereva yuko nyuma yake, na nyuma ya dereva kuna chumba chenye kitanda. Kazi ni ile ile ya kuvuta mzigo. Mbona maumbo ni mawili?

Nimesikia majibu mengi. Kwamba Wamarekani wanapenda makuu. Kwamba mafuta yao ni rahisi. Kwamba barabara zao ni pana. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini kiini hakipo hapo. Kiini kimo katika sheria, tena katika swali dogo sana la sheria: urefu wa gari unapimwa kuanzia wapi hadi wapi? Ukipimwa urefu wa gari zima, tangu bampa ya mbele hadi taa ya nyuma, kila sentimita ya kabini imenyang'anywa mzigo, na mwenye lori atamsukuma dereva mbele mpaka akae juu ya injini. Ikipimwa trela peke yake, kabini inaachwa irefuke itakavyo. Hilo ndilo nimekuja kulieleza, kwa sababu matokeo yake yanafika hadi kwenye magoti ya madereva wetu.

Tuanze Marekani, maana wengi hawajui kwamba huko nako lori la uso bapa liliwahi kutamba. Kabla ya miaka ya 1980 kila jimbo lilikuwa na kikomo chake cha urefu wa gari zima, na vingi vilikuwa kati ya futi 55 na 65. Mwenye kampuni aliyevusha mizigo majimbo kadhaa ilimbidi amtii aliye mkali kuliko wote. Akaikata kabini ili trela ibaki ndefu. Kampuni ya malori ya Freightliner yenyewe ilizaliwa na shida hizo za vipimo: Leland James, mkuu wa kampuni ya uchukuzi ya Consolidated Freightways, alitaka lori jepesi linalobeba zaidi, watengenezaji hawakumridhisha, akaamua kuunda la kwake kwa alumini. Kenworth wakaleta K100, GMC wakaleta Astro, na Mack, Peterbilt na International hawakubaki nyuma.

Kisha ikaja sheria ya uchukuzi wa barabarani ya mwaka 1982. Serikali ya taifa ikayakataza majimbo kubana urefu wa gari zima lenye trela moja kwenye barabara kuu: yapime trela tu, na trela ya futi 48 iruhusiwe kila mahali. Baadaye futi 53 ikawa kawaida. Sababu ya kumbana dereva ikaisha hapo. Haukupita muda mrefu lori la uso bapa likawa adimu katika safari ndefu, na Argosy la Freightliner, la mwisho katika ukoo huo mkubwa, likaacha kuuzwa Marekani mwaka 2006, ingawa nchi kama Afrika Kusini na Australia ziliendelea kulinunua. Vijana mnaijua habari hii bila kujua kwamba mnaijua. Optimus Prime wa katuni za 1984 alikuwa lori la uso bapa. Katika filamu ya 2007 amekuwa Peterbilt lenye pua ndefu. Kila mmoja alifuata lori la wakati wake.

Lipo pia jambo la uzito. Kikomo cha kawaida katika barabara kuu za Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1970, ni ratili 80,000, yaani tani 36.3, na kinaandamana na kanuni ya kulinda madaraja: ekseli zikikaribiana, uzito unaoruhusiwa unashuka. Hivyo gari refu lenye ekseli zilizoachana linapendelewa na sheria mara mbili.

Ulaya walishika njia ya kinyume na hawajaiacha. Ujerumani Magharibi, katika miaka ya 1950, waziri wa uchukuzi Hans-Christoph Seebohm alitaka mizigo irudi kwenye reli. Akaagiza lori na trela yake visizidi mita 14, na uzito usizidi tani 24. Masharti hayo yalilegezwa baada ya miaka michache, lakini wahandisi walikuwa wamekwisha kuchora malori mapya, na pua ikaanza kutoweka. Waliokawia ni Wasweden. Scania waliendelea kuunda lori lenye boneti hadi mwaka 2005. Leo Umoja wa Ulaya unafuata agizo la mwaka 1996: kichwa na trela yake visizidi mita 16.5, na uzito wa kawaida ni tani 40.

Hebu linganisheni. Trela ya Kimarekani ya futi 53, peke yake, bila kichwa, ina mita 16.15. Ukiipeleka Ulaya, kichwa chake kimeachiwa sentimita 35. Hamna ubishi wa mapenzi wala wa fahari katika tarakimu hiyo. Mabara mawili yamepima vitu viwili tofauti.

Sasa tuje kwetu. Sheria zetu zinapima gari zima, kama za Ulaya: kichwa na trela yake mita 17.4, lori lenye trela ya kuburuta mita 22. Kwa uzito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu hadi tani 56 kwa ekseli 7. Rudieni hesabu hiyo taratibu. Marekani 36. Ulaya 40, ingawa Sweden na Finland wanaruhusu zaidi. Sisi 56. Lori la kawaida la Kimarekani lina magurudumu 18. Letu linalotoka Mombasa, lenye ekseli tatu kwenye kichwa na tatu kwenye trela, lina 22. Dereva wa Kenya anaweza kuwa amebeba mzigo mzito kuliko mwenzake wa Texas na mwenzake wa Ujerumani, kwenye barabara nyembamba kuliko zao, akiwa ameketi mahali pale pale alipowekwa yule Mjerumani.

Lakini uso bapa haukuletwa kwetu na vipimo tu. Uliletwa pia na usukani. Tunaendesha upande wa kushoto, na Kenya hairuhusu kusajili gari lenye usukani wa kushoto isipokuwa kwa kazi maalum. Wamarekani wanaunda malori yao, karibu yote, kwa usukani wa kushoto. Kwa hiyo tumenunua kwa waliokuwa na usukani wa kulia: Waingereza kwanza, na Bedford na Leyland zao, kisha Wajapani. Viwanda vya kuunganisha magari vilivyofunguliwa Thika, Mombasa na hapa Nairobi katika miaka ya 1970 vilifuata mkondo huo. Kile cha hapa Nairobi kilikuwa cha General Motors, na tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Hata matatu yanayowaleta nyumbani jioni, mengi yameanza maisha kama lori la Isuzu: kabini iliondolewa, chasisi ikajengewa bodi ya abiria. Na vichwa vya trela vilivyotumika vinatoka sana Uingereza, kwa sababu usukani wao uko upande wetu.

Mfano wa kihistoria ninaoupenda zaidi uko kusini kidogo. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, isiyo na bahari, ikakatiwa njia yake ya mafuta iliyopitia Rhodesia. Mapipa ya mafuta yakaanza kusafirishwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Tunduma. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na mvua zikinyesha malori yalizama na kupinduka hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ikaundwa, na malori iliyoyaleta yalikuwa ya Fiat kutoka Italia. Hapo kuna jambo la ajabu. Italia wanaendesha upande wa kulia, na bado malori yao makubwa, pamoja na Fiat 682 lililoanza kuundwa mwaka 1952, yalikuwa na usukani wa kulia hadi miaka ya 1970, ili dereva auone ukingo wa barabara anapopita milimani. Lori lililotengenezwa kwa ajili ya milima ya Alps likakuta usukani wake unafaa kabisa kwenye mlima wa Kitonga, katika barabara hiyo. Barabara yenyewe iliwekwa lami baadaye, kwa msaada wa fedha za Marekani na za Benki ya Dunia. Fedha za lami za Kimarekani zilikuja. Malori ya pua ndefu hayakuja nazo. Leo ukisafiri kuelekea Tunduma unaweza kukutana na Freightliner lenye pua, lakini katika barabara ya Mombasa ni nadra kuliona.

Kuhusu starehe na mwendo sitakawia. Marekani dereva anaruhusiwa saa 11 za kuendesha baada ya mapumziko ya saa 10, na tangu mwisho wa 2017 saa zake zinaandikwa na mashine. Katika majimbo mengi anakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ulaya lori linafungwa lisipite kilomita 90 kwa saa, dereva anaendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki anaongezewa ya kumi, na kila baada ya saa nne na nusu ni lazima apumzike dakika 45. Mapumziko yake makubwa ya wiki, saa 45, haruhusiwi kuyalala kabini. Mwajiri amtafutie kitanda. Kwa maneno mengine, Mmarekani alipewa chumba kikubwa, Mzungu wa Ulaya akapewa kijumba kidogo lakini na sheria inayomtoa humo.

Sisi tulichukua kijumba. Sheria nayo tunayo kwenye karatasi: Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Pigeni hesabu ya Mombasa hadi hapa. Ni kilomita 480 na ushei. Lori lililosheheni, kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa, linahitaji zaidi ya saa 10. Basi kila dereva anayefika siku hiyo hiyo amevunja sheria au amekimbia kupita kiasi, na kila anayeitii lazima alale njiani. Alale wapi? Anayeendesha lori lisilo na kitanda hujikunja juu ya viti viwili, taniboi akatandika turubai chini ya trela, Maungu, Mtito Andei au Emali, huku mtu mwingine akinyonya dizeli kwenye tangi. Na kwa kuwa mileji, yaani posho ya dereva, inalipwa kwa safari, kila saa anayolala inamkata mfukoni. Sioni haya kusema kwamba huu ni uonevu. Tulinunua umbo la lori la Ulaya, tukaacha bandarini kila kitu kilichobuniwa huko kumlinda anayeketi ndani yake.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninaulaani uso bapa. Una faida zake, na katika mitaa yetu ni kubwa. Lori fupi linakata kona ya Rabai Road mara moja, wakati lile la pua ndefu lingerudi nyuma mara tatu. Dereva anaona mbali, juu ya paa za probox. Lakini kile kilicho chini ya kidevu chake hakioni. Mtoto akisimama mbele ya bampa amepotea machoni kabisa. Ndiyo sababu malori ya Kijapani yanakuja na kile kioo cha duara kwenye kona ya mbele, kinachotazama chini, na Ulaya wameyalazimisha makubwa mapya yawe na kioo cha mbele. London wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2021 lori kubwa haliingii mjini bila kibali kinachotegemea dereva anaona kiasi gani kwa macho yake. Tokeni hapa mkayatazame malori yaliyoegeshwa. Kioo kile kimevunjika, au kimeng'olewa, na hakuna aliyekinunua tena.

Sasa naongea na mafundi, na nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mtaa huu unapoingia katika habari.

Lori la pua lina chuma cha mita moja na zaidi mbele ya dereva, pamoja na injini. Likigonga, hivyo ndivyo vinavyoanza kukunjika. La uso bapa halina. Kinachomlinda dereva ni nguzo za kabini yenyewe, sakafu, na vishikizo vinavyoifunga kwenye chasisi. Ndiyo maana Ulaya wana kanuni namba 29 ya Umoja wa Mataifa: kabini inapigwa kwa chuma kizito kinachobembea, paa linashindiliwa uzito, na baada ya hapo lazima ibaki nafasi ya mtu kuishi. Wasweden walikuwa wakizipiga kabini zao hivyo kabla ya wengine. Kabini ya Scania au Volvo iliyoletwa hapa ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu hiyo. Swali ni kama bado inayo baada ya kugongwa katika ajali za Salgaa na kunyooshwa kwenye gereji ya kando ya barabara.

Mnajua kazi inavyofanyika. Nguzo ya mlango imepinda. Inapashwa moto kwa gesi hadi iwe nyekundu, inavutwa kwa mnyororo, inajazwa puti, inapakwa rangi, na lori linarudi barabarani likiwa jipya machoni. Lakini chuma cha nguzo zile ni chuma kilichopewa ugumu maalum kiwandani, na moto wa gesi unauondoa. Umbo limerudi, nguvu haikurudi. Lori hilo likigonga tena, nguzo itakunjika mahali pale palipopashwa moto, na magoti ya dereva yako sentimita chache kutoka hapo.

Lingine ni kunyanyua kabini. Kwa lori la uso bapa huwezi kuifikia injini bila kuiinamisha kabini mbele. Canter huinuliwa kwa mikono, ikisaidiwa na springi ya msokoto. Actros kwa pampu ya haidroliki. Kabla ya hapo chupa ya chai, viatu, jeki na kila kilicho kitandani kitolewe, maana kitaanguka kwenye kioo. Tairi ziwekewe vigingi, mbele ya lori pawe wazi, na ule mkono wa chuma unaoishikilia kabini utiwe pini yake. Nimeona mafundi wakiingia chini ya kabini inayoshikiliwa na pampu inayovuja na kipande cha mbao. Na nimeona kabini zikirudishwa chini bila kufuli za nyuma kushika, zikafungwa kwa waya. Dereva wa lori hilo akikanyaga breki kwa ghafla, kabini nzima inaweza kupinduka mbele naye akiwa ndani.

Basi nawaombeni mambo mawili kutoka katika gereji zenu. Nguzo au sakafu ya kabini ikipinda, mwambieni mwenye lori inunuliwe nyingine, hata ya mitumba, na mkatae kuipasha moto hata akipandisha bei. Na hakuna kabini inayotoka kwenu bila kufuli mbili na mkono wake wa chuma.

La tatu si lenu peke yenu. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliirekebisha sheria yake ya vipimo: mtengenezaji akiongeza urefu wa kabini kwa ajili ya usalama, umbo la kukata upepo na nafasi ya dereva, urefu huo hauhesabiwi dhidi ya mzigo. DAF walikuwa wa kwanza kuutumia mwanya huo, mwaka 2021, na kabini zao mpya zina pua fupi ya sentimita 16. Hilo liliwezekana kwa sababu watu walidai. Sheria yetu ya uzito ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, na Kenya ina wabunge 9 mle. Vipimo vya urefu vinaweza kujadiliwa huko huko. Tuwaandikie tukitaka trela ipimwe peke yake, kabini iongezewe walau nusu mita, na nusu mita hiyo iwe ya chuma mbele ya miguu ya dereva na ya kitanda nyuma yake, wala isiguswe kwa mzigo. Madereva mnaojua kuandika, andikeni nyinyi. Barua ya mtu aliyelala Maungu juu ya viti viwili ina uzito ambao mhadhara wangu hauna.